Siku Tisa za Kwanza

Fundi vioo alikuwa mtu wa kuanza kazi mapema. Akishasukuma mlango wa bati wa karakana yake, alifagia sakafu, akafuta meza ya kukatia kwa kitambaa kibichi, kisha akaipangusa kwa kitambaa kikavu. Punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukiharibu. Baada ya hapo alikunywa kahawa yake ya kwanza, amesimama mlangoni, akisalimiana na wapita njia.

Alifanya kazi na mdogo wa kiume wa mke wake, mtu mzima mwenye familia yake. Yeye alimwita huyo shemeji, na huyo naye alimwita yeye shemeji. Wateja hawakujua nani ni nani. Wakifika walisema tu, "Namtaka Shemeji," na wote wawili waligeuka. Basi pale pakaitwa Kwa Mashemeji, na jina likakaa.

Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili. Mmoja hutangulia, mwingine hufuata. Kwa miaka minane mashemeji hao walibeba vioo vya madirisha ya shule, vya milango ya maduka na vya saluni, na hawakuwahi kuumizana.

Kisha hofu ikaanza.

Ilianza siku ya kawaida kabisa. Fundi alikuwa juu ya ngazi, akipaka putti ya kushikiza kioo kwenye dirisha la ofisi. Ghafla moyo ukaenda mbio. Kifua kikabana. Jasho jembamba likamtoka, vidole vikafa ganzi, na wazo moja likamjaa kichwani: nakufa sasa hivi. Alishuka kidato kimoja kimoja, akaketi sakafuni. Baada ya robo saa hali ikapoa. Alimwambia shemeji yake kwamba alitoka nyumbani bila kula.

Wiki iliyofuata ikarudi. Ikarudi tena akiwa kwenye foleni ya benki, na tena akiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Akaanza kukwepa foleni, akaanza kukwepa ngazi. Alikuwa akiamka asubuhi na jambo la kwanza analofanya ni kujipima mapigo ya moyo kwa kidole. Sasa aliogopa hata hiyo hofu yenyewe.

Hospitali walimpima moyo, damu na presha. Vyote vilikuwa sawa. Daktari akampeleka kwa mwenzake, chumba cha mwisho kwenye korido. Juu ya mlango paliandikwa: Magonjwa ya Akili. Fundi alipoyaona maneno hayo, masikio yaliziba. Aliingia, akajibu maswali, akasikia daktari akisema kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi na kwamba unatibika. Daktari akamwandikia vidonge, akamweleza namna ya kuvitumia. Fundi aliitikia kila neno. Lakini mawazo yake yalikuwa kule mlangoni. Alikuwa akijiuliza nani amemwona akiingia.

Nyumbani, mke wake aliuliza, "Wamesemaje?"

"Uchovu tu. Wamenipa vitamini."

Akaificha pakiti karakana, ndani ya boksi la misumari midogo.

Asubuhi iliyofuata alimeza kidonge kimoja pamoja na kahawa, tumbo tupu. Kufika saa nne, kichefuchefu kilimshika. Siku ya pili kichwa kiliuma, na mdomo ukakauka kama amelamba chokaa. Siku ya tatu alihisi kama kuna injini ndogo inanguruma ndani ya mwili wake. Hakuweza kukaa, hakuweza kutulia. Usingizi ukapungua. Mikono ikaanza kutetemeka, na kwa mkata vioo hilo si jambo dogo.

"Hii dawa inanimaliza," alijisemea. "Nilikwenda na ugonjwa mmoja, sasa ninayo matano."

Hakumwuliza mtu. Angemwuliza nani, wakati hakuna aliyejua kwamba anameza dawa?

Siku ya tisa walikuwa na kioo cha mlango wa duka. Kilikuwa kirefu kuliko wao wenyewe. Shemeji alitangulia, fundi akafuata. Walipokuwa wanavuka kizingiti, kizunguzungu kilichomsumbua tangu asubuhi kikamzidi. Vidole vikalegea. Kioo kikateleza, kikagonga saruji na kupasuka. Pande moja likachana mguu wa shemeji, chini kidogo ya goti.

Alishonwa nyuzi kumi na nne. Alipotoka chumba cha matibabu akichechemea, hakulaumu.

"Jasho la mikono, shemeji," alisema. "Hutokea."

Jioni hiyo fundi alirudi karakana peke yake, akaitoa pakiti kwenye boksi la misumari, akavitupa vidonge vyote chooni.

Kichefuchefu kiliisha baada ya siku chache. Kutetemeka pia kulipungua. Kwa muda mfupi alidhani amepona, dawa na ugonjwa vimekwenda pamoja. Lakini wiki ya pili hofu ilirudi, na safari hii ilirudi na hatia. Kila alipoinua kioo aliuona mguu wa shemeji yake. Akaacha kupokea kazi kubwa. Kisha akaacha kupokea hata kazi ndogo. Alikwenda karakana, akajifungia ndani, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka saa za kurudi nyumbani zikafika.

Mke wake alikuwa karani wa shule. Kazi yake ilikuwa kujua nani yupo na nani hayupo. Siku moja mchana aliomba ruhusa, akaenda karakana. Alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga.

"Baba watoto. Ni mimi."

Mlango haukufunguliwa.

"Nitakaa hapa nje. Watu watapita waniulize, nami sitakuwa na la kuwaambia."

Mlango ukafunguka. Alimkuta mumewe ana ndevu za wiki nzima, macho yamezama. Hakumkemea. Alivuta ndoo nyingine, akaigeuza, akaketi mbele yake.

"Sasa niambie. Polepole, lakini niambie yote."

Akamwambia. Alimweleza habari za ngazi, benki, kinyozi na chumba cha mwisho wa korido. Alimweleza kwamba zile dawa hazikuwa vitamini. Mwisho alimweleza habari za mguu wa shemeji.

Mke wake akasema, "Umebeba kitu kirefu kuliko kioo, ukakibeba peke yako. Inuka. Twende kwa Sista."

Sista alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika kliniki ya afya ya akili, ingawa majirani wengi walijua tu kwamba anachoma sindano. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, anaanua nguo. Aliwakaribisha ndani, akafunga redio, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza fundi hata mara moja.

"Kwanza pole," alisema. "Pili, nikuulize jambo, nawe unijibu kwa ukweli. Katika siku hizi za kujifungia, umewahi kuwaza kujidhuru? Au kwamba heri usingekuwepo?"

Mke wa fundi aligeuka, akamtazama mumewe. Fundi alitazama mikono yake.

"Juzi," alisema. "Niliwaza kwamba nisipoamka, kila mtu atapumua."

"Ahsante kwa kunijibu," Sista alisema. Sauti yake haikubadilika. "Je, ulipanga namna ya kufanya?"

"Hapana. Niliwaza tu, nikaogopa."

"Wazo la namna hiyo halisubiri tarehe ya kliniki. Tutakwenda leo, mchana huu, mimi na nyinyi. Na mpaka daktari atakapokuona, hukai peke yako. Umenielewa, shemeji?"

Alimwita shemeji kama mtaa mzima ulivyomwita. Fundi alitaka kutabasamu, machozi yakatangulia.

Walipokuwa njiani, Sista alimwuliza juu ya dawa. "Ulianza na kiasi gani?"

"Kidonge kizima, asubuhi."

"Una karatasi ya daktari?"

Ilikuwa kwenye pochi yake, imekunjwa mara nne. Sista aliikunjua, akamwonyesha kwa kidole. "Soma hapa."

Fundi alisoma. Nusu kidonge kila asubuhi baada ya kula, kwa siku saba. Kisha kidonge kimoja. Rudi baada ya wiki mbili.

"Sikusikia habari ya nusu," alisema.

"Wengi hawasikii. Mtu akishaambiwa ugonjwa wenyewe, mengine yote humpita. Ndiyo maana huwa nawaambia wagonjwa waje na mtu wao. Masikio manne."

"Kwa hiyo yale yote yalitokana na kuzidisha?"

"Sehemu yake. Hata ukianza na nusu, dawa hizi huja na maudhi mwanzoni. Maudhi ni yale mambo ambayo dawa inafanya mwilini bila kukusudiwa. Kichefuchefu, kichwa kuuma, mdomo mkavu, usingizi kuruka, hata wasiwasi kuongezeka kidogo. Ule mngurumo uliousikia nao umo. Kwa watu wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Na faida yenyewe huchelewa. Wiki nne, wakati mwingine sita."

"Yaani usumbufu hutangulia, nafuu hufuata."

"Kwa bahati mbaya ndivyo. Asiyeambiwa hivyo huacha siku ya tisa, kama wewe. Kahawa unakunywa?"

"Vikombe vitano."

"Kahawa nayo huamsha moyo. Ukimeza dawa ya wasiwasi kwa kahawa, tumbo tupu, unakuwa kama mtu anayezima moto kwa mkono mmoja na kuupepea kwa mwingine."

Mke wake alicheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. Fundi naye alitikisa kichwa.

Daktari alikuwa yule yule. Alimpokea, akamwuliza maswali yale ya Sista, na mengine zaidi. Aliuliza kama anakunywa pombe, kama anatumia dawa nyingine yoyote, hata za mitishamba au za kuazima kwa rafiki. Kisha akaweka kalamu chini.

"Siku ile nilizungumza haraka," alisema. "Watu walikuwa wengi nje. Leo nitakwenda taratibu, nawe utanirudishia nilichosema."

Akaeleza upya. Wataanza na nusu, na watakaa kwenye nusu muda mrefu zaidi. Atameza baada ya kula. Hatapanda ngazi wala kubeba kioo kikubwa mpaka ajue dawa inamfanyaje. Akisahau siku moja, asimeze mara mbili siku ya pili. Asiache ghafla, hata akijisikia mzima, kwa sababu mwili uliozoea dawa ukinyimwa kwa mara moja hulalamika. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari akijua. Kila wiki atakutana na mshauri wa kliniki, amfundishe namna ya kukaa na hofu inapokuja bila kuikimbia.

"Na kuna mambo ya kurudi hapa siku hiyo hiyo," daktari alisema, akimtazama sasa mke. "Akivimba uso au midomo, au akitokwa na vipele. Akipandisha homa, misuli ikakakamaa, akaanza kuchanganyikiwa. Asipoweza kutulia kabisa. Na wazo la kujidhuru likirudi. Hayo hamsubiri. Hata kama kliniki imefungwa, mwende chumba cha dharura."

Fundi alirudia yote. Alisahau moja, mke wake akaliongeza.

Nyumbani walikubaliana. Dawa zitakaa kwa mke, naye atampa asubuhi baada ya uji. Walinunua daftari dogo. Kila siku fundi aliandika mstari mmoja au miwili, kwa mwandiko wake mkubwa wa kuandikia vipimo. *Kichefuchefu, si kikali. Nimelala kwa muda wa saa tano. Kahawa kikombe kimoja. Leo moyo umekwenda mbio sokoni, nikakaa mpaka ukatulia, sikukimbia.*

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Kichefuchefu kilirudi. Mngurumo nao ulirudi, ingawa sasa ulikuwa wa mbali. Kuna asubuhi alisukuma kidonge pembeni.

"Sitaki, mama watoto. Nimechoka kuwa mgonjwa wa dawa."

"Ni siku ya sita. Sista alisema nini?"

"Wiki moja au mbili."

"Basi tusihukumu leo. Ukizidiwa, tunampigia simu kabla ya kuacha. Tulikubaliana."

Alimeza. Siku ya kumi na moja aliandika: *Nimekula, tumbo limetulia.* Wiki ya tatu kichwa kiliacha kuuma. Wiki ya tano alisimama kwenye foleni ya benki mpaka akafika dirishani. Alipotoka nje ndipo alipogundua kwamba hakuhesabu mapigo ya moyo.

Lakini dawa haikuwa imemaliza mambo yake. Mwezi wa pili fundi aligundua tatizo jingine, na hili hakuliandika kwenye daftari. Mambo ya chumbani yalilala. Hakuwa na hamu, na hata alipojitahidi, mwili haukumfuata. Akaanza kuchelewa kwenda kulala. Mke wake akaanza kugeukia ukutani. Kila mmoja akawa mpole kupita kiasi kwa mwenzake, kama wageni waliopangishwa chumba kimoja.

Siku moja fundi alijikuta ameshika pakiti, anawaza choo. Aliirudisha mezani. Akamwita mke wake.

"Kuna kitu," alisema. "Nadhani ni dawa. Si wewe."

Mke wake aliketi. "Nilidhani umenichoka."

"Hata kidogo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?"

"Kama unavyosema sasa."

Kliniki, fundi alimweleza daktari huku akitazama kalenda ya ukutani. Daktari hakushangaa hata kidogo.

"Hili ni miongoni mwa maudhi ya kawaida ya dawa hizi," alisema. "Na ndilo linalofichwa kuliko yote. Watu huacha dawa kimyakimya, wanarudi wakiwa na hali mbaya. Umefanya vizuri kusema. Wakati mwingine tunapunguza kiasi. Wakati mwingine tunabadilisha dawa. Dawa inayomfaa jirani yako huenda isikufae wewe. Kutafuta ya kukufaa si kushindwa."

Walijaribu kwanza kupunguza, lakini hofu ikaanza kunyemelea. Basi wakabadilisha. Dawa ya kwanza ilishushwa polepole, ya pili ikaingizwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari kila hatua. Ile ya pili nayo ilikuwa na yake. Ilimpa usingizi mzito, na njaa iliyomshangaza hata yeye. Asubuhi alitembea kama mtu aliyevaa gunia la mchanga.

Aliandika yote. Daktari alisoma daftari, akasema dawa hiyo imezwe jioni, saa moja kabla ya kulala, na karakana ifunguliwe saa moja baadaye kuliko zamani. Mke wake alipunguza mafuta na sukari jikoni, naye fundi akaanza kwenda kazini kwa miguu. Baada ya wiki tatu gunia lilipungua uzito. Unene kidogo ulibaki. Chumbani, mambo yalirudi taratibu, bila haraka, na mke wake hakugeukia ukutani tena. Hofu haikufutika kabisa. Ilikuja mara moja moja, lakini sasa ilikuja kama mgeni mwenye haraka, ikapita.

Lilibaki jambo moja, na hilo halikuwa la daktari.

Siku ya mapumziko fundi alikwenda nyumbani kwa shemeji yake. Alimkuta uani, anakarabati kiti. Mguu ulikuwa umepona, kovu limebaki, refu na la kung'aa. Fundi hakukaa mpaka aliposema alichokuja kusema.

"Shemeji, siku ile haikuwa jasho la mikono. Nilikuwa nimeanza dawa ya wasiwasi. Niliimeza vibaya, nilikuwa na kizunguzungu tangu asubuhi, nami nilijua. Nilipaswa kukwambia kabla hatujainua kioo. Sikukwambia kwa sababu ya aibu, na wewe ndiye uliyelipia kwa mguu wako. Nisamehe."

Shemeji aliendelea kufunga skrubu moja mpaka ikaingia yote. Kisha akaweka bisibisi chini.

"Ungeniambia, tungesubiri kesho yake," alisema. "Kioo kingeoza?"

"Kisingeoza."

"Basi." Alikinyoosha kile kiti, akakijaribu kwa mkono, akamsogezea fundi. "Kaa."

Fundi alikaa. Mke wa shemeji alipita na beseni, akawasalimia, akaingia ndani.

"Hizo dawa," shemeji alisema kwa sauti ya chini, "zinakusaidia kweli?"

"Zinasaidia. Ya kwanza ilinishinda, hii ya pili tunaelewana. Kuna usumbufu, lakini sasa najua upi wa kuvumilia na upi wa kukimbilia kliniki."

Shemeji alitazama viganja vyake.

"Mimi nina mwaka wa pili sijalala sawasawa," alisema. "Naamka moyo unapiga kama kuna mtu nyuma ya mlango. Mke wangu hapo ndani hajui. Nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu niliyeumbwa hivi."

Fundi hakumwambia kwamba ni wasiwasi, wala hakumtajia dawa. Hilo halikuwa lake kulijua. Aliuliza tu, "Umepata kumwona daktari yeyote?"

"Hapana."

"Kliniki ni Jumatano. Nitakwenda na wewe. Na mwambie mke wako aje. Mwanzoni mtu hasikii vizuri."

Jumatano hiyo mlango wa bati wa karakana ulifungwa. Wateja wawili walifika, wakakuta karatasi iliyobandikwa, yenye mwandiko mkubwa: *Tumekwenda kliniki. Tutarudi mchana.* Waliisoma, wakaenda zao, wakarudi mchana.